Maswali na Majibu: Kama Peugeot 908 Isingestaafishwa

SWALI: Ninaandika historia ya kubuni ya Peugeot 908, gari la mbio za masafa marefu la dizeli lililostaafishwa Peugeot walipojitoa Januari 2012. Kwangu linashinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, za 2012 kwa raundi tatu. Mwaka 2011 lilishindwa na Audi kwa sekunde 13.854 tu, na mfumo wa haibridi (mota ya umeme inayosaidia injini) ungeliongezea nguvu. Walionisomea wanasema haiaminiki. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye tangi la mafuta. Umechukua gari la 2011, ukalifunga mota, ukalipeleka 2012 bila kulitoza chochote, na mwaka ule kanuni ziliibana dizeli. Tangi lilishuka kutoka lita 65 hadi 60, na kwa haibridi hadi 58. Njia ya kuingizia hewa kwenye injini nayo ilipunguzwa.

Sasa piga hesabu. Silaha ya 908 mwaka 2011 ilikuwa ubanaji wa mafuta: raundi 12 kwa tangi, yaani kama lita 5.4 kwa raundi. Kwa lita 58 ulaji huohuo unakupa raundi 10 na robo tatu, na hiyo robo tatu haikufikishi piti, yaani kituo cha kujazia mafuta. Kufika raundi 11 lazima ulaji ushuke hadi lita 5.27. Kufika 12 ushuke hadi 4.83, punguzo la asilimia 11 hivi, ambalo ni kubwa mno kulikubali bila maelezo. Mshindi wa 2012 alimaliza raundi 378. Kwa raundi 10 kila tangi utasimama mara 37. Kwa 11, mara 34. Kadiria dakika moja kwa kila kusimama, na utaona kuwa visimamo vitatu vinakula dakika tatu, karibu raundi nzima ya Le Mans. Ushindi wako wa raundi tatu hauna pa kutokea.

Mota nayo usiitegemee kupita kiasi. Haibridi waliyoijaribu Peugeot Aprili 2011 ilikuwa ya kilowati 60. Kanuni za 2012 ziliruhusu mota kutumia kilojuli 500 za nishati kati ya breki moja na nyingine, kwa hiyo kila mgao unaisha ndani ya sekunde 8 na kidogo. Amua mapema inasukuma ekseli ipi. Ukiiweka mbele, kama Audi, haikuruhusiwa kusukuma gari likiwa chini ya kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo kwenye kona za polepole haikusaidii. Betri nazo zina uzito. Kima cha chini cha uzito wa gari kilikuwa kilo 900, na kila kilo ya betri inatoka kwenye vyuma vya uzani ambavyo mafundi wangevipanga sakafuni wapendavyo ili gari likae sawa.

Na zile sekunde 13.854 zisome vizuri. Audi walikuwa wamepoteza magari mawili kwenye ajali, la dereva McNish na la dereva Rockenfeller. Lililobaki lilipambana na Peugeot tatu za kiwanda peke yake, na likashinda. Mwaka 2012 Audi walileta manne. Sisi tungeipa 908 nafasi ya pili, nyuma kwa chini ya raundi moja, na simulizi ingekuwa na nguvu zaidi.

SWALI: Je, Toyota, waliokuwa na haibridi yao mwaka 2012, niwaache kama walivyokuwa?

JIBU: Hapana. Madereva wao Davidson na Sarrazin walitoka Peugeot. Peugeot wakibaki, nao wanabaki, na ile ajali ya Le Mans 2012 ya Davidson na Ferrari, iliyomvunja pingili mbili za uti wa mgongo, haitokei kwa namna ile. Gari lao, Toyota namba 8, litafutie madereva wengine. Injini ya Toyota ya pili, namba 7, iache ife, kwa sababu hilo halitegemei Peugeot. Baadaye mwaka huo Toyota walishinda mbio za São Paulo, Fuji na Shanghai. Usizigawe mbio hizo kwa kubahatisha: pitia kila njia ya mbio, hesabu kona za polepole ambako haibridi ya nyuma, kama ya Toyota, inasukuma mapema kuliko ya mbele ya Audi, kisha amua 908 yako ina ekseli ipi.