Galileo alijuaje kuwa ile ni miezi na si nyota?
Ndugu, umeuliza Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, alijuaje kuwa vile vinukta kando ya sayari ya Mshtarii (Jupita) ni miezi. Alijua kwa kurudi kutazama. Tarehe 7 Januari 1610 aliona vitatu, viwili mashariki ya sayari na kimoja magharibi. Usiku uliofuata, vyote vitatu viko magharibi! Akaendelea kuchora kila mbingu ilipokuwa wazi, na tarehe 13 cha nne kikajitokeza. Nyota zingeachwa nyuma Mshtarii ikisonga. Hivi viliandamana nayo huku vikibadilishana pande.

Nimeviona mwenyewe pale Dunga kwa darubini ya macho mawili, viwiko nimeviegemeza kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa ufukweni ili mikono isitikisike. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo Mshtarii ikichomoza vinukta hupangana karibu wima, kama shanga kwenye uzi ulioning'inizwa. Usitafute mstari uliolala kama wa vitabuni. Chora unachokiona, kisha rudi kesho saa ileile. Mwezi uitwao Io huzunguka kwa saa 42 na ushei tu, hutaukuta ulipouacha.