Diploma ya kompyuta Arusha, au kidato cha tano kwanza?

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha nne hapa Moshi. Ana C za Hisabati, Fizikia na Jiografia, Kemia D. Anataka kazi ya kompyuta. Baba yake anataka aende Chuo cha Ufundi Arusha, mimi nasema kidato cha tano kisha chuo kikuu. Tushike lipi?

JIBU: Mama, kwa matokeo hayo tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ni ya mashaka kwa sababu ya Kemia, ila PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) ipo wazi. Angalieni kwanza hiyo C ya Hisabati: aliipata kwa wepesi au kwa kukesha?

Naliuliza hilo kwa sababu Hisabati ya kidato cha sita ni nzito, na shahada inadai principal (ufaulu kamili wa somo, A hadi E) mbili zenye pointi 4 kwa jumla (A ni 5, E ni 1). Akiambulia principal moja na subsidiary (ufaulu mdogo, chini ya E), atarudi diploma, kwa kawaida kuanzia NTA 5, ngazi ya pili kati ya tatu za diploma. Hapo diploma itakuwa imemla miaka 4 (miwili ya kidato cha tano na sita, miwili ya chuo) badala ya 3.

Akienda chuo sasa ataanza NTA 4, kisha 5, kisha 6 ambayo ndiyo diploma yenyewe. Atajifunza kufunga kebo za mtandao, kupanga anwani za IP, kusimika seva, kuandika programu, na atapelekwa mazoezi kazini. Hoteli, hospitali na kampuni za utalii za Arusha zinahitaji watu wa namna hiyo. Lakini kama ndoto yake ni akili mnemba au uchambuzi wa data, Hisabati ya PGM itamfaa zaidi.

Diploma haimfungii shahada. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inataka GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 katika fani inayohusiana, na hapo ndipo wengi hukwama: wanazoea kazi za mikono, wanapuuza hisabati na programu, sapu (mitihani ya marudio) zinawashusha hadi 2.8. Akivuka, Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro kina shahada za kompyuta. Taasisi ya Nelson Mandela, nayo ya Arusha, msiihesabu kwa sasa, imejikita kwenye uzamili na uzamivu.

Kwa C ya kukesha, mimi naungana na baba yake. Kwa C ya wepesi, mpelekeni PGM. Chuo chochote mtakachochagua, hakikisheni NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, imeithibitisha kozi hiyo hasa, maana jina la chuo kusajiliwa halitoshi. Na kama mnabadilisha chaguo lake kwenye Selform (fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo), fanyeni kabla TAMISEMI haijafunga dirisha.