Kimiminika ndipo wanapoteleza: kwa mwalimu anayeanza kufundisha chembe za maada

Mwalimu mwenzetu, usianze na fasili. Wape wanafunzi karatasi yenye miraba mitatu inayolingana, wachore chembe za yabisi, za kimiminika na za gesi kabla hujasema lolote. Yabisi wengi wataipata. Kwenye kimiminika ndipo wanapoteleza: wataziachanisha chembe, kana kwamba kimiminika ni nusu ya safari kutoka yabisi kwenda gesi. Inasikitisha kwamba hata baadhi ya michoro ya vitabuni iko hivyo.

Chembe za kimiminika zinagusana. Zimesongamana karibu sawa na za yabisi, ila hazina mahali pa kudumu. Katika yabisi kila chembe hutetemeka pale pale ilipo. Katika kimiminika chembe huteleza na kupishana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo na ujazo wake ukabaki ule ule.

Pengo kubwa liko kwenye gesi, na hapa tumia hesabu. Gramu 18 za maji ni mililita 18 hivi. Zikigeuka mvuke wa nyuzi 100 za Selsiasi, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, hujaza lita 30 hivi, yaani zaidi ya mara 1,600. Chembe hazikuongezeka wala hazikunenepa. Zimeachana tu, kila moja ikiwa mbali na jirani yake kama mara 12 ya mwanzo. Kwa hiyo ukichora ubaoni chembe yenye upana wa sentimita 1, jirani yake katika mvuke akae sentimita 12 hivi pembeni. Pima kwa rula mbele yao. Watashangaa, na watakuwa na haki.

Kisha leta bomba la sindano la mililita 20 au 50, bila sindano yenyewe. Vuta hewa, ziba mdomo kwa kidole gumba, sukuma: hewa inabanika sana, na ukiachia, pistoni inarudi. Rudia kwa maji, pistoni inagoma. Kinachoharibu jaribio hili ni kiputo cha hewa kilichobaki ndani ya maji: pistoni husogea kidogo, na mwanafunzi mwangalifu ataandika kwamba maji yanabanika. Elekeza mdomo juu, gongagonga bomba kiputo kipande, kisukume kitoke, ndipo uzibe. Mchanga usiutumie kuwakilisha yabisi hapa. Kati ya punje zake kuna hewa, nao humiminika, hivyo unavuruga mambo mawili kwa mpigo.

Hapo hapo uliza: kati ya chembe na chembe kuna nini? Jibu litakalokuja ni "hewa". Usiliache lipite. Hewa yenyewe ni chembe. Katikati yake hamna kitu. Asiyekubali hili hatafahamu kwa nini hewa ilibanika.

Kwa somo la kuyeyuka, anza na nta badala ya barafu. Barafu ni ya kipekee: chembe zake zimejipanga kwa nafasi kubwa kidogo kuliko za maji, ndiyo maana huelea. Nta ngumu huzama ndani ya nta iliyoyeyuka, kama zilivyo yabisi nyingi. Iyeyushe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta inashika moto. Sisitiza kwamba kinachoyeyuka ni nta; chembe moja haiyeyuki wala haitanuki.

Jaribio la tone la rangi katika maji baridi na ya moto ni zuri, lakini lina mtego. Acha maji yatulie kwanza, udondoshe taratibu bila kukoroga. Hata hivyo maji ya moto huwa na mikondo inayobeba rangi, hivyo si kasi ya chembe peke yake unayoiona. Waambie wazi.

Mwishoni warudishie karatasi zao za mwanzo wachore upya kwa kalamu ya rangi nyingine, juu ya michoro ile ile. Ukikuta mraba wa gesi bado umejaa chembe kumi na tano, rudi kwenye rula na bomba la sindano kabla ya kwenda mada inayofuata.