Usaili wa kampuni za teknolojia: usichokisema hakiandikwi

Mkuu, umesema umeitwa kwenye usaili wa uhandisi wa programu katika kampuni kubwa ya teknolojia, wamekutumia ratiba ya hatua tano, na sasa unasita kwa sababu umesikia ya watu waliofika hatua ya mwisho wakapigwa chini bila maelezo. Nimepita njia hiyo kama mwombaji, kisha baadaye nikawa msaili mwenyewe. Nenda. Ila nenda ukijua kinachopimwa, kwa sababu nimeona watu wenye uwezo mkubwa wakikosa kazi wanazozimudu kabisa.

Simu ya kwanza ya afisa ajira isikunyime usingizi. Atataka kujua umefanya nini, kwa nini unatafuta kazi, na unatarajia mshahara gani. Kwenye mshahara, muulize kwa adabu kiwango kilichotengwa kwa nafasi hiyo. Mara nyingi anacho mbele yake. Halafu muulize kila hatua inapima nini, lugha gani ya programu inakubalika, na utaandikia wapi: kwenye kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, kinachoweza kuuendesha hapohapo, kwenye ukurasa mtupu, au ubaoni. Hilo la mwisho usiliache. Mtu aliyezoea kihariri kinachomkamilishia maneno hubabaika sana akiwekewa ukurasa mtupu. Wala usiogope kumsumbua, naye ana nafasi inayosubiri kujazwa na angependa ufaulu.

Sasa tuje kwenye usaili wa kuandika programu, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwa kawaida ni dakika 45 hadi saa moja, swali moja au mawili. Wengi wanadhani wanatakiwa kutoa jibu sahihi tu. Kumbe mkimaliza, msaili anakwenda kuandika ripoti, na mara nyingi wanaoamua ni watu wengine. Google, kwa mfano, imejulikana kwa kutumia kamati zinazosoma ripoti za wasaili bila kuwahi kuonana na mwombaji. Amazon nao humweka kwenye jopo msaili kutoka timu nyingine, wanamwita Bar Raiser, ambaye anaweza kuzuia ajira hata kama timu yenyewe inakutaka. Kwa hiyo kila ulichokiwaza ukanyamaza nacho, kwa wanaoamua hakikutokea.

Chukua swali linalojulikana sana: una orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Mwombaji mmoja anainama, anaandika kitanzi ndani ya kitanzi, yaani kila namba inalinganishwa na nyingine zote, anasema nimemaliza. Jibu ni sahihi, lakini nikija kuandika ripoti yake sina la kusema zaidi ya mstari mmoja. Mwingine anaanza kwa kuuliza: orodha imepangwa? Namba zinaweza kujirudia? Zinaweza kuwa ngapi? Nikimwambia 100,000, anasema kulinganisha kila namba na zote zilizobaki ni karibu jozi bilioni 5, kwa hiyo afadhali apite orodha mara moja tu huku akihifadhi alizokwisha kuziona kwenye jedwali la hashi, hifadhi inayomjulisha haraka kama kitu kimo, na kwa kila namba aangalie kama ile inayokamilisha jumla imo tayari. Anakiri kwamba njia hiyo inakula kumbukumbu zaidi. Akimaliza anaijaribu kwa orodha tupu na kwa namba zinazojirudia. Huyu hata akikosea mahali fulani nina ukurasa mzima wa kumtetea nao.

Ukikwama, sema umekwama wapi. Msaili akikupa dokezo, lichukue na ulifanyie kazi palepale. Kuna waombaji niliowapa dokezo mara mbili wakaendelea na njia yao kana kwamba sijasema kitu, na hilo huandikwa, kwa sababu kazini utakuwa unafanya kazi na watu.

Na jiandae kwa sauti. Kufanya maswali mia moja ukiwa peke yako chumbani hakukuandai kwa macho ya mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft walichapisha utafiti mwaka 2020 wakiwa na washiriki 48: nusu walitatua swali ubaoni mbele ya msaili huku wakieleza, nusu nyingine wakiwa peke yao. Waliotazamwa walipata chini ya nusu ya matokeo ya wenzao. Swali lilikuwa lilelile. Kwa hiyo tafuta rafiki, mpe swali akuulize, akae kimya akutazame ukiandika. Hata asiyejua programu anafaa.

Usaili wa kubuni mifumo, yaani kueleza ungeijenga vipi huduma nzima, siusemi sana, unategemea ngazi unayoomba. Usikimbilie kuchora seva na hifadhidata kabla hujauliza watumiaji ni wangapi na ni kitu gani hakitakiwi kupotea.

Usaili wa tabia na uzoefu wahandisi wengi huudharau, na mimi naona hapo ndipo pa kupata alama. Amazon wameziweka hadharani kanuni zao 16 za uongozi na maswali yao yanatoka humo. Andaa visa vichache vya kweli: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Eleza sehemu yako wewe, si ya timu nzima, kwa sababu msaili hawezi kukuandikia alama kwa kazi asiyojua nani aliifanya. Ukiwa na kipimo, kitaje: ukurasa ulikuwa unachukua sekunde ngapi, ukafikia ngapi.

Zoezi la kufanyia nyumbani linaniumiza hadi leo. Kampuni moja ilinipa kazi iliyoitwa ya saa chache, ikala wikendi yangu yote, nikaituma, na hawakujibu tena, hata kusema hapana. Huo ni ukosefu wa heshima na hauna utetezi wowote. Kabla hujaanza zoezi kama hilo uliza linatarajiwa kuchukua saa ngapi, linasahihishwa kwa vigezo gani, na kama mtakaa kulijadili. Wakishindwa kujibu maswali hayo, una haki ya kuliacha.

Kuhusu kukataliwa dakika ya mwisho: ndiyo, hutokea, na hutokea kwa watu wazuri. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi kwenye kompyuta za Mac, alitangaza kwamba Google wamemkataa, akihusisha na kushindwa kugeuza ubaoni mti wa binari, mpangilio wa data unaogawanyika matawi mawili mawili. Kampuni kubwa huona kumwajiri asiyefaa ni hasara kubwa kuliko kumkosa anayefaa, basi wakiwa na shaka kidogo wanasema hapana. Maelezo hawatoi, mara nyingi kwa kuhofia kesi. Vipimo vyao wenyewe vimewahi kuwaangusha: mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alisema wazi kwamba yale maswali ya mafumbo waliyokuwa wakiuliza yalikuwa kupoteza muda na hayatabiri chochote. Kuna watu walikosa kazi kwa mafumbo hayo. Kampuni nyingi huruhusu uombe tena baada ya miezi 6 au mwaka, na waliokubaliwa kwenye jaribio la pili wako wengi.

Mwishoni kila msaili atakuachia dakika tano umuulize. Muulize mara ya mwisho mfumo wao ulipoanguka usiku nani aliamshwa, na kesho yake walibadilisha nini. Namna watakavyojibu hilo itakueleza mengi zaidi kuhusu timu kuliko tovuti yao yote. Ratiba ikiwa na majina ya hatua, yaandike hapa tuangalie ya kujiandaa nayo moja moja.