Kikohozi kimeisha, niache dawa za TB?

SWALI: Daktari shikamoo. Niko kwenye dozi ya TB, mwezi wa pili ndo unaisha, kikohozi kimekata kabisa na mwili umerudi. Ila nyayo zinachomachoma usiku kama nimekanyaga sindano, na mkojo una rangi ya chungwa. Si nimeshapona, niache tu? Halafu natumia vidonge vya uzazi wa mpango, havigongani na hizi dawa?

JIBU: Marahaba dadangu. Usiache, tafadhali sana. Wadudu waliokuwa wanazaliana kwa kasi wamekufa wiki za mwanzo ndo maana kikohozi kimekata, lakini wapo wachache waliojificha, wanakua polepole, na hao kuwamaliza inachukua miezi. Ndo maana TB ya kawaida inatibiwa miezi 6, miwili unameza dawa 4 pamoja, halafu minne inabaki rifampisini na isoniazidi. Ukikatiza hapa wanaamka, na wanaweza kurudi wakiwa sugu, na TB sugu kuitibu ni kazi nyingine kabisa na dawa zake zinachosha mwili kweli.

Nyayo kuchoma nadhani ni isoniazidi, inapunguza vitamini B6 mwilini na mishipa ya fahamu inaumia. Usivumilie mpaka dozi iishe, kawaambie kliniki wiki hii hii, kuna vidonge vya piridoksini, ambavyo ndo hiyo B6 yenyewe, watakupa.

Rangi ya chungwa isikutishe, ni rifampisini inatoka, hata machozi na jasho vinaweza kubadilika. Cha kuogopa ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikoisha, au mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, hapo ini linalia, usimeze dozi inayofuata kabla hujaonwa, nenda siku hiyo hiyo. Pia ukiona ukungu au nyekundu na kijani zinakuchanganya wahi, ethambutoli, mojawapo ya zile dawa 4, huwa inagusa macho.

Vidonge vya uzazi umefanya vizuri kuuliza, wengi hawaulizi wanakuja kushtukia mimba. Rifampisini inafanya ini livunje zile homoni haraka mno kwa hiyo kinga inapungua. Anza kondomu leo, halafu muone mtoa huduma kuhusu sindano ya miezi 3 au kitanzi cha kopa, na hata dozi ikiisha vidonge usivitegemee mpaka zipite wiki 4.