Mbwa Anayejikuna Usiku Kucha: Niliyojifunza kwa Bosi

Kwetu Chumbageni, mjini Tanga, bajaji zikishapungua usiku, kila kitu kinasikika. Mimi nilichokuwa nasikia ni mguu wa nyuma wa Bosi ukigonga mlango wa bati wa uani: ko, ko, ko. Anajikuna. Ananyamaza kidogo, anaanza upya.

Bosi ni mbwa wetu wa kienyeji, wa kahawia, sasa ana miaka mitano. Kujikuna kulianza wakati wa masika, akikaribia miaka miwili. Ushauri ulinifikia kabla sijauomba. Mzee mmoja jirani aliniita barazani kwake, hata shikamoo sijaimaliza: "Mwanangu, huyo ana ukurutu. Mpake oili chafu ya gari siku tatu, utaniambia."

Nusura nimsikilize. Nawaomba msipake oili. Mbwa hujilamba, sumu inaingia tumboni, na ngozi iliyokwisha kuchubuka inazidi kuungua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inayokadiriwa kwa macho nayo ni hivyo hivyo. Nimewahi kumwona mbwa anatetemeka huku akitoka mate kwa sababu yake.

Ila na mimi sikuwa mjanja zaidi. Nilimpeleka kwa mtu wa mifugo, akachomwa sindano, na usiku uliofuata tukalala. Wiki kadhaa baadaye, ko, ko, ko. Sindano nyingine. Kufikia ya tatu Bosi alikuwa anamaliza bakuli la maji kila ukigeuka, anakojoa hovyo, na amenenepa. Sindano ile ilikuwa steroidi, na hayo ndiyo madhara yake. Siisemi vibaya, maana inatuliza muwasho haraka na mbwa anapumzika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeniuliza Bosi analala wapi wala anakula nini, na mimi sikujiuliza.

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza. Alipitisha kitana chenye meno membamba juu ya mkia, akakung'uta chembe nyeusi kwenye karatasi ya chooni iliyolowa. Zikatoa wekundu.

"Damu hiyo, kaka. Kinyesi cha viroboto."

"Mbona mimi sijamwona kiroboto hata mmoja, dokta?"

"Utamwonaje, na mwenyewe anajing'ata mpaka anawameza?"

Hapo ndipo nilipoelewa mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Kinga ya mwili inakiona kitu cha kawaida kama adui na kukipiga vita. Kwa mbwa, vita hivyo mara nyingi huonekana kwenye ngozi. Mwenye mzio wa viroboto huwashwa na mate ya kiroboto, kwa hiyo kuumwa mara chache tu kunatosha kumtesa siku nyingi. Na viroboto wakubwa walioko mwilini ni kama 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na mabuu yaliyojifungia kwenye vifuko, na wote wako pale mbwa anapolala.

Bosi alikuwa analala juu ya gunia la mkonge chini ya mwembe. Kivuli, mchanga mkavu kidogo, unyevu wa Tanga: viroboto wataomba nini tena? Gunia nililichoma. Nikafagia mpaka pembeni mwa ukuta, nikamtengenezea kitanda cha mbao chenye shuka kuukuu linalofuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Dawa ya viroboto tukampa kila mwezi bila kuruka, kwa sababu mabuu yale yanaweza kungoja miezi ndani ya vifuko vyao. Paka wetu naye akapewa, ila ya kwake. Hili shikeni sana: dawa za mbwa zenye permethrini, sumu ya kuulia wadudu, zinaua paka.

Mkia ukapona, nywele zikaota. Miguu ya mbele bado. Aliilamba mpaka manyoya yakawa na rangi ya kutu, kwapa zikawa nyekundu, masikio ya moto.

Mahali panapowasha panasema mengi. Kiuno na shina la mkia, washuku viroboto kwanza. Nyayo, kwapa, tumbo na masikio, fikiria chakula au vitu vya hewani. Kingo za masikio na viwiko, hasa kama na watu wa nyumbani wanajikuna, huo huenda ni ukurutu wenyewe, unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi, na daktari hukwangua ngozi akatazama kwa hadubini. Bosi alikwanguliwa, hakuonekana mdudu.

Ikabaki kupima chakula, na kipimo chake ni sufuria. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula haviaminiki kwa mbwa. Unampa nyama ambayo hajawahi kula, pamoja na wanga mmoja, wiki zisizopungua 8, bila kitu kingine chochote. Nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa na ngano ndivyo hulaumiwa mara nyingi, na Bosi alishakula vyote pamoja na dagaa. Tukachagua mbuzi na viazi vitamu vya kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kupika si kazi. Kazi ni watu. Watoto wanapitisha vipande vya maandazi chini ya meza. Wiki ya 5 bibi yao akamtupia kichwa cha kibua kwa huruma, "maskini, anakonda huyu", tukaanza kuhesabu upya. Mwishowe miguu haikubadilika, na tulipomrudishia dagaa hali haikuzidi kuwa mbaya. Sikusikitika sana. Bei ya mbuzi mnaijua.

Basi ni mzio wa mazingira: chavua, kuvu, na utitiri wa vumbi unaopenda hewa nzito kama yetu. Huu kwa kawaida huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3, na kwa kawaida ni wa maisha. Daktari aliniambia waziwazi nisitafute dawa ya kumaliza, nitafute namna ya kuishi nao.

Tunaishi nao hivi. Jumamosi anaogeshwa kwa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na povu linakaa dakika 10 za kutazama saa, si kwa kukisia. Maji yake nayamwaga upande wa migomba, yasipite njia ya majirani wanaokwenda msikitini. Ujirani nao una matunzo yake. Akirudi kutoka nje nasuuza nyayo na kukausha katikati ya vidole. Akianza kunuka uvundo, au ngozi ikawa na mafuta na vipele vya usaha, sisubiri: hapo bakteria au fangasi wameingia, na wakiwepo muwasho hautulii kwa kutibu mzio peke yake. Msimu ukiwa mbaya anapewa vidonge vya steroidi kwa muda mfupi, vinapunguzwa polepole, havikatwi ghafla. Zipo pia dawa mpya za muwasho kama oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013; sijaitumia, ni ya kuzungumza na daktari. Vidonge vya mafua na aleji vya binadamu viacheni kabatini. Hata vinavyofaa huwasaidia mbwa wachache tu, na vingine vimechanganywa na vitu vinavyoweza kumuua.

Nina daftari la shule ninaloandika kila jioni namba moja, 0 mpaka 10, jinsi alivyojikuna. Mwezi mzima uliopita ilikuwa 2 na 3. Juzi vuli imeanza, jana nimeandika 5, na sasa hivi ninapoandika haya analamba mguu wa kulia. Kesho nafua shuka.