Chanjo ya rubela na mimba ya wiki nane

Dada, umeuliza kama unaweza kuchanjwa rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele, sasa ukiwa na mimba ya wiki nane. Hapana, subiri ujifungue. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ndiyo maana haitolewi kwa mjamzito. Anayepanga kubeba mimba huchanjwa kwanza, kisha husubiri mwezi mmoja.

Kwa sasa omba kipimo cha damu cha kingamwili. Huenda ulishachanjwa utotoni na una kinga tayari. Kama huna, wenzako wa nyumbani wasio na kinga wachanjwe, watoto hasa. Hilo halikudhuru wewe. Kaa mbali na mwenye homa na vipele, ingawa mgonjwa huanza kuambukiza hata wiki moja kabla vipele havijatoka. Ukikutana naye, nenda kliniki upesi, usingoje dalili, maana wengi hawazioni kabisa.

Nasisitiza kwa sababu wiki 12 za kwanza za mimba ndizo za hatari zaidi mama akiambukizwa rubela: mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, au moyo wenye kasoro. Ukishajifungua, chanjwa mapema. Kunyonyesha hakuzuii.